Nilisoma Uzamili kwa Vidole Vilivyopinda

Aliyepaswa kupiga kelele siku ile alikuwa mgonjwa, si mimi. Alikuwa mzee mmoja aliyepooza upande wa kushoto, na mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wake wa fiziotherapia. Nilimshika bega nikamwinulia mkono taratibu, kama nilivyowafanyia wagonjwa wengi kabla yake. Maumivu yakapita kwenye vidole vyangu kana kwamba mtu amevibana na mlango. Nikapiga yowe. Mzee akanitazama kwa huruma.

"Pole mwanangu," akasema. "Nimekuumiza?"

Masika yalikuwa yanaelekea kuisha Arusha, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shahada ya uzamili.

Naandika haya kwa ajili yako uliyetoka kliniki juzi na jina la ugonjwa ambao huamini kuwa ni wako. Sitakufundisha ugonjwa wenyewe, madaktari wapo. Nitakueleza jinsi nilivyoishi nao nikiwa mwanafunzi, na jinsi watu wanaonipenda walivyojaribu kunitoa darasani.

Naitwa Elinipa. Nimezaliwa Akheri, kwa Wameru, nikaolewa na Godlisten, Mchaga wa Marangu anayeuza vipuri vya pikipiki Kaloleni. Tunaishi Lemara na binti yetu Aikande, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nasomea sayansi na teknolojia ya utengamao. Kwa asiyeijua, utengamao ni kazi ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake baada ya ugonjwa au ajali: kumfundisha kutembea upya, kumtengenezea mguu bandia, kumtafutia kiti cha magurudumu kitakachopita kwenye mlango wa nyumba yake. Niliipenda kazi hiyo, na uzamili niliungoja mpaka mtoto akue kidogo. Siku nilipopata nafasi nilicheka peke yangu barabarani mpaka watu wakageuka.

Asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya. Nilikuwa naamka vidole vimevimba kama ndizi mshare, havikunji wala havinyooki. Valvu ya mtungi wa gesi ilinishinda. Vifungo vya shati la shule la Aikande vilinishinda pia. Akawa anajifunga mwenyewe, kimoja juu kimoja chini, anaondoka shati limekwenda upande. Nilisingizia baridi, nikasingizia kompyuta. Kufika saa nne vidole vililegea kidogo, nami nikajidanganya kwamba kesho vitakuwa vizima.

Hatimaye nilikwenda kliniki ya viungo. Mabenchi yake yalijaa kabla jua halijagusa kibaraza, na karibu wote waliokaa pale walikuwa na mvi. Nesi alipoita jina langu nikasimama. Akaangalia nyuma yangu.

"Mgonjwa yuko wapi? Umemleta mama?"

"Mgonjwa ni mimi."

"Wewe?" Akaangalia faili, akaniangalia tena. "Haya, kaa hapo mbele."

Benchi zima lilinigeukia. Pembeni yangu alikaa mama wa Kiarusha, mweusi tii, shanga shingoni, vidole vyake vimepinda vyote upande mmoja. Nikamwamkia kama wanavyoamkiwa mama zao.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Wewe mtoto, umetuibia ugonjwa wetu?"

Nikacheka, kicheko changu cha kwanza wiki ile. Aliitwa Mama Namayani, wa Kisongo, ana ng'ombe na shamba la mahindi. Tuliongea mpaka akaitwa yeye, kisha mimi. Daktari alinibonyeza kiungo kimoja kimoja, akatazama majibu ya damu, akasema ni baridi yabisi. Nilikuwa nalijua jina hilo tangu utotoni, jina la magoti ya bibi yangu wakati wa mvua. Akanipa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, na nyingine ya kutuliza uvimbe wakati ile ya kwanza ikijipanga.

"Usitegemee kitu mapema," alisema. "Hii dawa inataka uvumilivu wa miezi. Wengi wanaiacha kabla haijaanza kazi."

Nilichagua Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho. Tangu hapo sikuhesabu tena wiki kwa Jumapili kama watu wengine. Ijumaa nameza, Jumamosi nalala na ndoo pembeni ya kitanda, Jumapili nakwenda ibadani tumbo bado linanigeuka. Nywele zilianza kubaki kwenye kitana, nikazinyoa zote kabla hazijaniaga zenyewe. Dawa ya uvimbe ikanivimbisha uso, nikawa na mashavu ya mtoto mchanga. Kina mama wa usharika wakanishika mashavu hayo mlangoni.

"Elinipa, umenawiri! Ndoa imekukubali!"

Nilijibu asante. Ungesema nini?

Julai ilipofika, wingu lilikaa juu ya Mlima Meru wiki baada ya wiki na manyunyu hayakukoma. Baridi ile ya Arusha ninayoipenda tangu utoto ikanigeukia. Mama mkwe akashuka kutoka Marangu na mkungu wa ndizi na nia moja tu. Alipika mtori, akanilisha kwa kijiko mbele ya Aikande. Nilimwacha, kwa sababu siku hiyo kijiko kilikuwa kimenishinda. Nilipomaliza alinifuta mdomo kwa kanga yake.

"Mwanangu, hicho chuo ndicho kinachokula mikono yako."

"Mama, ugonjwa hauko chuoni. Uko kwenye damu."

"Basi damu inataka kupumzika. Una kazi, una mume, una mtoto. Hiyo digrii ya pili unamwonyesha nani?"

Nilimgeukia Godlisten nikitegemea neno. Alikuwa amekodoa macho kwenye taarifa ya habari, na sauti ya televisheni alikuwa ameizima.

"Mama anasema kweli," alisema mwishowe, bila kunitazama. "Ahirisha mwaka mmoja tu, Mama Aikande. Chuo hakihami."

"Nikiahirisha mwaka huu kwa ajili ya vidole, mwakani nitaahirisha kwa ajili ya nini? Magoti? Siahirishi."

 Mama mkwe alibeba bakuli kwenda jikoni, na nilimsikia akiliosha kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

Wiki hiyohiyo Dk. Mollel, mkuu wa masomo yetu, aliniita ofisini. Ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anapima kila neno kwenye mizani.

"Mumeo alikuja jana," alisema.

"Alikuja wapi?"

"Hapa. Ameomba tukuahirishie masomo. Ameeleza hali ilivyo nyumbani. Nimemwambia siamui bila wewe."

Joto lilinipanda mpaka masikioni. Mume wangu amefunga duka, amepanda mpaka chuoni, amekaa kwenye kiti hiki nilichokalia, akamweleza mwalimu wangu ninavyoshindwa kuvaa soksi.

"Kusema kweli hata mimi nilikuwa na wasiwasi," Dk. Mollel aliendelea. "Mtihani wa vitendo uko mbele yetu. Unamwinua mgonjwa, unamhamisha, unamdaka akiteleza. Mikono ndiyo kazi yetu, Elinipa."

"Daktari, semista hii umetufundisha kwamba mtu aliyekatwa mguu hajakatwa kazi. Ukatutuma wodini tukawaambie watu hivyo. Yale maneno ni ya wagonjwa tu? Sisi wenye makoti meupe hayatuhusu?"

Akafungua faili langu, akapitia maksi zangu. 

"Sitakuongezea maksi za huruma," alisema.

"Sijaomba."

"Na mtahini wa nje hakujui."

"Atanijua."

Akatabasamu kidogo, akafunga faili. "Haya. Nenda darasani."

Sikwenda darasani. Nilikwenda Kaloleni. Godlisten alikuwa anamwonyesha mteja mnyororo wa pikipiki, akaniona nimesimama mlangoni na koti langu la chuo.

"Tutaongea nyumbani," akawahi kusema.

"Wewe ulikwenda kuongea chuoni. Hapa pana kasoro gani?"

Mteja akaona hali, akasema atarudi. Godlisten akakaa juu ya katoni ya betri. Alikaa pale akigeuzageuza mnyororo mikononi, mikono yake mizima, yenye grisi.

"Kila asubuhi unafungulia maji bafuni ili tusisikie unavyolia," alisema. "Unadhani sisikii? Nilitaka kitu kimoja tu kiondoke. Ugonjwa siwezi kuuondoa. Nikaona chuo naweza."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi makali. Hilo lilinipunguzia kasi, lakini halikunizuia.

"Chuo ndicho kinachonitoa kitandani," nilimwambia. "Ukikiondoa, nitabaki na ugonjwa peke yake. Ungeniuliza, ningekwambia. Usiende tena mahali kunisemea."

"Sitakwenda."

Hatukukumbatiana. Alinifunga zipu ya koti kwa sababu mimi sikuweza, nikaondoka. Hasira ilinikaa mpaka Agosti, na sioni haya kusema hivyo. Ugonjwa wa namna hii unaingia kwenye ndoa kama mgeni asiyeaga, na msidanganyane kwamba hayupo.

Ila tangu kesho yake, kabla hajaenda dukani, Godlisten alianza kulegeza vifuniko vyote jikoni: sukari, chumvi, majani ya chai, chupa ya mafuta. Viliachwa vimekaa tu juu, havijafungwa. Sisimizi walifanya sherehe kwenye sukari. Sikuwahi kumlalamikia.

Darasani nako nilijifunza kuishi upya. Kalamu niliizungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ikanenepa kama gunzi la mahindi, nikaweza kuishika. Insha ndefu niliziongea kwenye simu nikiwa nimejifunika blanketi, simu ikaandika, nami nikasahihisha vioja vyake: neno utengamao ililiandika "utengane mao". Mwenzangu Lukumay, ambaye utaalamu wake ni viungo bandia, aliniketisha karakanani siku moja, akalainisha bamba la plastiki kwenye maji ya moto, akalifinyanga juu ya kiganja changu mpaka likapoa na umbo la mkono wangu. Nililivaa mchana na kulala nalo. Aikande alilichora maua kwa kalamu za rangi, ikawa kila ninayemfundisha mazoezi wodini anauliza maua kwanza, ugonjwa baadaye.

Mwezi wa tisa nikaongezewa dawa ya pili, kwa kuwa ya kwanza peke yake haikutosha. Kwenye benchi nilimkuta Mama Namayani amejikunja ndani ya shuka lake, hana utani.

"Naacha," alisema. "Inanitapisha, na mkono bado haumkamui ng'ombe. Shemeji yangu ana mizizi."

"Yeyo, tungoje vuli. Mvua zikishika na hamna kitu, tunaacha wote wawili."

"Unasema kweli?"

"Kweli."

Sikuwa na mpango wowote wa kuacha. Nilitaka tu arudi mwezi unaofuata. Akarudi, akinung'unika, na mwezi uliofuata akarudi tena.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na siku moja asubuhi nilikuwa jikoni nafuta meza. Nilichukua tambara lililolowa, na bila kufikiri nikafanya kile ambacho mikono yangu ilikuwa haijafanya tangu masika: nikalikamua. Maji yakatoka. Si matone, maji, yakamwagika sakafuni na kunilowesha miguu. Nikalilowesha tena, nikalikamua tena. Iliniuma, lakini vidole vilifunga. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja tena na ndizi zake, akatokea mlangoni.

"Umemwaga maji."

"Nimekamua, Mama."

Akatazama tambara, akatazama mikono yangu. Akavuta kigoda akakaa palepale kwenye maji, akaanza kusali kwa Kichaga kwa sauti ya juu, machozi yanamtoka. Alipomaliza akanyanyuka.

"Kamua tena nikuone."

Nikakamua mara nyingi asubuhi ile. Sakafu haijawahi kuwa safi namna hiyo.

Sitakudanganya kwamba mikono ilirudi kama ya zamani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda na havitanyooka. Kidole gumba kinachoka upesi. Lakini asubuhi zilifupika, uso ukapungua, nywele zikaota laini kama za mtoto. Kiangazi kikaingia, na pamoja nacho mtihani wa vitendo.

Mtahini wa nje alikuwa mama wa makamo, miwani shingoni, hana maneno mengi. Nilipewa mzee mnene aliyepooza upande mmoja, nimtoe kitandani nimweke kwenye kiti cha magurudumu. Dk. Mollel alisimama ukutani, mikono nyuma. Mtahini akatazama vidole vyangu.

"Hivyo vina nini?"

"Baridi yabisi."

"Utamshikaje mgonjwa?"

"Simshiki kwa vidole. Utaona."

Nilimwamkia mzee, nikamweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Nikamfunga mkanda mpana kiunoni, nikapitisha mikono yangu ndani ya mkanda mpaka kwenye viwiko, goti langu nikalikaza mbele ya goti lake bovu. Nilikuwa nimelirudia zoezi hili karakanani na Lukumay, yeye akijifanya mgonjwa na kujilegeza kwa makusudi. Mzee akainuka vizuri. Tulipokuwa tunageuka, mguu wake mzima ukateleza. Uzito wote ukaniangukia kifuani. Nikamsikia mtahini akikanyaga mbele kuja kusaidia.

"Tafadhali usimguse," nikasema. "Ninaye."

Na kweli nilikuwa naye. Viwiko vilikuwa vimeshika, mgongo umenyooka, miguu imesimama. Tukapumua pamoja, mimi na mzee, kisha nikamwambia, "Baba, tunamalizia, moja, mbili," tukageuka, akakaa. Akapapasa mikono ya kiti, akamtazama mtahini.

"Huyu mpe," alisema.

Mtahini hakucheka. Aliandika. Lakini nilipokuwa navua mkanda alinisogelea akaniomba nimwonyeshe tena jinsi ninavyopitisha viwiko.

Nilifaulu vitendo. Nilichofeli ni takwimu, nikarudia mtihani huo kama wanafunzi wengine wasiopenda hesabu. Ugonjwa wangu haukuhusika hata kidogo, na nilifurahi kufeli kitu kwa sababu ya uzembe wangu mwenyewe. Mwaka wa pili nilifanya utafiti juu ya vifaa vya jikoni kwa watu wenye mikono kama yangu: mwiko wenye mpini mnene, kishikio cha kuzungushia valvu ya gesi kwa kiganja, mkanda wa kubebea ndoo kwa kiwiko badala ya vidole. Mama Namayani alikuwa mmoja wa waliovijaribu. Mwiko aliukataa, akasema unafanana na rungu. Mkanda wa ndoo aliondoka nao, hakuurudisha, na karakana wakanidai mwingine.

Bado nameza dawa kila Ijumaa. Bado ipo asubuhi inayonishinda, hasa Meru ikijifunika, na siku hiyo nachelewa kazini bila kuomba radhi kwa mtu. Wewe uliyeanza juzi, watu watakwambia pumzika. Pumzika unapochoka. Lakini mtu akikwambia acha, muulize anataka ubaki na nini, na umngoje ajibu.

Siku ya mahafali tulikwenda watu wengi kuliko tiketi: Godlisten na suti yake ya harusi, Aikande, mama mkwe na kilemba kipya, mama yangu kutoka Akheri. Nje ya ukumbi mpiga picha alinipanga kwenye ngazi, joho limenyooka, shada la maua shingoni. Akaangalia kwenye kamera, akashusha.

"Dada, huo mkono wa kulia uingize ndani ya joho kidogo. Picha itatoka nzuri zaidi."

Nilifungua mdomo kumjibu, lakini Godlisten alinitangulia.

"Mwenye mkono amekwambia uufiche?"

"Hapana, nilikuwa nasema tu, kaka..."

Nikautoa mkono wote nje ya joho, nikauinua juu, vidole viwili vimepinda mbele ya watu wote wa mahafali.

"Piga," nikamwambia.